Kitovu Kisidondoke

Machi 17, Kerenge

Masika yameanza leo mchana, na mimi nimevunja kikombe. Kuvunja kikombe si habari. Habari ni kwamba nilidhani bado ninacho mkononi. Nilikuwa nakipeleka mdomoni, nikasikia kishindo sakafuni, ndipo nilipoutazama mkono wa kushoto nikakuta vidole vimefunguka vyenyewe. Nimeusugua kwa mafuta ya karafuu mpaka ngozi ikawaka. Uzee, nimejisemea. Nina miaka sitini na miwili na nimestaafu ualimu, nina haki ya kuangusha kikombe kimoja.

Machi 19

Mkono mzima kabisa. Nimepalilia mahindi na majirani wakanisifu. Niliyoandika juzi yalikuwa ya bure.

Machi 28

Udhaifu wa mkono umerudi. Kamba ya ndoo imenichomoka kisimani sijui saa ngapi. Mama yangu mzazi alianza hivi hivi, kwa kuangusha vijiko, na sisi watoto tukawa tunamcheka. Jina la ugonjwa ule sitaliandika humu. Mvua imenyesha mfululizo.

Aprili 7

Zaidi amepiga simu. Joyceline, binti yangu wa pekee, amejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, na wote wawili ni wazima. Nimepiga magoti nikalia.

Zaidi ni mkwe wangu, mkulima wa Misima, Mwislamu, mpole kupindukia. Nilimpa binti huku nimeuma meno, na kwao nadhani waliyaona hayo meno. Leo akaniambia, "Mama, mama yangu anakuomba uje. Huku kwetu mtoto wa kwanza anaogeshwa na bibi mzaa mama mpaka arobaini itimie. Na Joyce hawezi kuinama." Nikajibu nakuja. Nilishakata simu ndipo nikaukumbuka mkono.

Aprili 10, Misima

Nimefika jioni. Barabara ya kutoka Handeni imegeuka uji, kijana wa bodaboda aliniteremsha mara mbili tutembee. Mama Zaidi, yaani Mwantumu, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Ni mrefu, mkavu, mchache wa maneno. Akamchukua mtoto kwa Joyceline, akanipa mbele ya watu wote, akasema, "Haya, Mama Joyce. Wa kwako huyu."

Nimewafundisha wasichana wa darasa la saba miaka na miaka namna ya kumshika kichanga. Kiganja cha kushoto chini ya kisogo, vidole vipande nyuma ya masikio, mgongo ulale juu ya mkono, wa kulia ubaki huru kuosha. Nilikuwa nikisema kwa sauti ya kujiamini, "Shingo ya mtoto mchanga haijawa shingo bado, shingo yake ni mkono wako." Leo nimemshika hivyo hivyo, na mkono ulikuwa mzima. Nikauona utosi ukipwita chini ya zile nywele laini. Sijawahi kuogopa kitu kidogo namna ile.

Aprili 11

Ahueni! Nesi alimwambia Joyceline kwamba mpaka kitovu kidondoke, mtoto asitumbukizwe majini, apanguswe tu kwa kitambaa. Nimempangusa akiwa kitandani, juu ya kanga zilizokunjwa. Kitanda hakimwangushi mtu.

Lakini nilipomgeuza nimpanguse mgongo, kichwa kilinitoka. Kilianguka nyuma ghafla, kidevu kikaelekea juu, mdomo ukabaki wazi bila sauti. Mara moja tu. Nilikidaka kwa mkono wa kulia kikiwa bado hakijagusa godoro. Akalia, Joyceline akauliza kutoka upande wa pili wa pazia, "Vipi, mama?" Nikasema maji ya baridi. Nimekaa naye kifuani mpaka akalala, nikimhesabia pumzi. Mtoto amenyonya vizuri.

Aprili 12

Jumapili. Hakuna kanisa karibu. Nimesali peke yangu, sala fupi, na sikuona haya: kitovu kisidondoke. Sidhani kama kuna bibi mwingine duniani aliyewahi kuomba hivyo.

Aprili 13

Siku ya akika. Mbuzi mmoja amechinjwa, watu wamejaa mpaka barazani kwa sababu ya mvua. Mtoto amepewa jina la marehemu mama yake Mwantumu, Tatu. Wa kwanza kuzaliwa anaitwa Tatu. Nilitaka kufanya utani juu ya hesabu za Handeni lakini asubuhi hiyo mkono ulikuwa umenishinda hata kufunga vifungo vya blauzi.

Baada ya dua ikaja zamu ya kunyoa nywele za kuzaliwa. Mzee Mbwana, baba mkubwa wa Zaidi, akatoa wembe mpya kwenye karatasi. Kanga ilishatandikwa katikati, akina mama wanaweka zawadi za mtoto. Mwantumu akasema, "Bibi mzaa mama ashike kichwa."

Wote wakanigeukia. Nikautazama ule wembe, nikautazama utosi. Vidole vya kushoto nilikuwa nimevificha ndani ya kitenge na nilipoviambia vikunje havikukunja. Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Mkono wangu mzito."

Mama mmoja upande wa mlango akapasuka kicheko, na wengine wakafuata. Ndipo nilipojisikia mwenyewe. Miaka yote ile nasahihisha nahau kwa wino mwekundu, halafu nasimama mbele ya zawadi za mjukuu wangu kutangaza kwamba mimi ni bahili! Nikataka kueleza, lakini nieleze nini? Mwantumu hakucheka. Alikuja akamchukua mtoto mapajani kwangu, akakaa, akakishika kichwa mwenyewe kwa viganja vyote viwili. Mzee Mbwana akanyoa taratibu huku anasoma dua. Mimi nilitazama ukuta.

Aprili 14

Ukuta wa chumba changu haufiki juu. Leo Mwantumu alikuwa anaongea na jirani kwa Kizigua, nikawa naambulia jina langu tu. Mwishoni akasema kwa Kiswahili safi, nisipate shida ya kuelewa: "Hataki kumshika. Mtoto wa Kiislamu atamchafua."

Nilitamani kutoka nikamjibu. Nilikaa kitandani naufinya mkono wa kushoto kwa wa kulia mpaka alama za kucha zikabaki. Sikusikia maumivu yoyote.

Aprili 15

Mvua. Zaidi amenisalimia "Shikamoo mama" akitazama miguu yangu. Ni adabu ya mkwe, ndiyo, lakini jana adabu hiyo ilikuwa na joto.

Aprili 16

Joyceline ameniuliza. Alikuwa ananyonyesha, hakuinua macho.

"Mama, humpendi mwanangu?"

"Maneno gani hayo?"

"Ukimaliza kumpangusa unamweka chini haraka. Hujambeba hata mara moja ukiwa umesimama. Akilia unaniita mimi."

"Wewe ndiye mwenye maziwa."

"Hata alipokuwa ameshiba, mama."

Ningemwambia hapo hapo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini namjua Joyceline. Angeinuka kitandani leo leo aanze kuchota maji na ule mshono wake mbichi. Halafu wangenirudisha Kerenge, na hapa ningebaki kuwa bibi aliyekuja, akasusa, akaondoka. Na kuna jambo jingine, la aibu zaidi: ugonjwa nikishautaja kwa sauti, utakuwa wangu. Kwa hiyo nikasema, "Nimechoka tu, mwanangu. Umri." Akanitazama kwa macho yale aliyonitazama siku nilipomwambia ndoa hii haina mbele. Nimeogopa macho hayo karibu sawa na ninavyouogopa mkono.

Aprili 17

Kitovu bado. Kimekauka, kimekuwa cheusi, kimeshikilia kwa kauzi kamoja. Mwantumu kakiinamia akatabasamu, "Kinakwenda vizuri." Nikaitikia kama mtu anayesomewa hukumu.

Aprili 18

Bado.

Aprili 19

Kimedondoka. Joyceline alikikuta kwenye nguo mtoto alipoamka. Vigelegele nyumba nzima. Mwantumu amekwenda kukizika chini ya mgomba kwenye mvua hiyo hiyo, akarudi amelowa na amefurahi, akachukua kutoka juu ya kabati beseni jipya la buluu, kubwa, la plastiki. Kumbe alilinunua zamani akalificha.

"Kesho, Mama Joyce," akaniambia, "umwogeshe sawasawa."

Nimelijaza beseni maji nikafanya mazoezi kwa malimao matatu niliyoyafunga kwenye taulo. Mara ya kwanza yalikaa. Mara ya pili yalikaa. Mara ya tatu yalizama yote, na mkono ulikuwa unaniambia bado ninayo. Mungu wangu, mkono huu unadanganya. Laiti ungekuwa unauma, ungenipa taarifa.

Aprili 25

Naandika kwa vipande, nikiwa nimelala. Namshukuru Mungu kwamba mkono wa kulia ni mzima. Nataka niyaweke yote kama yalivyokuwa, maana kila mtu anayasimulia kwa namna yake.

Siku ile ya ishirini nilichelewesha makusudi. Nilisema maji bado ya moto. Nikasema mvua ipungue. Saa sita Mwantumu akaniangalia, akachukua jembe, akaenda shambani bila kuaga. Zaidi alikuwa ameshatangulia. Nikabaki na Joyceline, amelala chumbani, na mtoto. Nikaona afadhali sasa, bila macho ya watu. Nikaweka beseni barazani nyuma, nikakalia kigoda, nikamvua Tatu nguo. Mkono ulikuwa umeamka vizuri tangu asubuhi, nimeujaribu kwenye kila kitu, nikauamini.

Nilimwogesha! Hilo naomba likumbukwe. Niliosha uso, nikaosha shingo kwenye mikunjo, kwapa, nikapitisha sabuni kifuani na mgongoni. Alikuwa ametulia, amefumbua macho ananitazama. Nikaanza hata kumwimbia. Mvua ikaongezeka juu ya bati, nikainua sauti.

Kisha nikaona kichwa chake kinashuka. Nasema nikaona, kwa sababu sikusikia kitu. Kiganja changu kiliniambia kimemshika. Macho yaliniambia vidole vimefunguka na kisogo kinateleza na povu juu ya mkono, shingo imepinda nyuma, maji yanafika masikioni. Nikauamuru mkono. Nikauamuru tena. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine.

Nilimzoa kwa mkono wa kulia kutoka chini, nikambana kifuani, kichwa chake nikakizuia kwa kidevu changu. Alikuwa anateleza. Nikataka kusimama niingie ndani, na hapo ndipo mguu wa kushoto nao ulipokataa. Kigoda kilikwenda upande wake, beseni likapinduka, nikajua tunaanguka. Nilikuwa na nafasi ya kuwaza jambo moja tu: nisimwangukie. Nikajitupa chali.

Mgongo ulipiga saruji, kisha kisogo changu mimi. Tatu alibaki juu ya kifua, analia kwa nguvu zote, na kidevu changu bado kimemkandamiza kisogoni. Kilio kile kilikuwa kitamu. Nikalala pale, mvua ya upepo inatupiga miguuni, siwezi kuinuka. Ningepiga kelele. Lakini ningepiga kelele Joyceline angeruka kitandani, na mshono wake je? Mvua ilikuwa inafunika kilio cha mtoto. Nikanyamaza, nikawa namwambia Tatu sikioni, "Nimekushika, nimekushika," na ulimi wenyewe nikausikia mzito, maneno yanatoka yamevunjika. Ndipo nikajua. Sikujua nimelala hapo muda gani. Baridi ilianza kumwingia, kilio kikawa kidogo kidogo, na niliogopa hofu ambayo sina neno lake katika Kiswahili chote nilichofundisha.

Mvua ndiyo iliyomrudisha Mwantumu. Nilisikia jembe likianguka.

"Mama Joyce! Umemtupa?"

Alikuja mbio, akapitisha mkono chini ya shingo ya mtoto kabla hajamwinua, akamfunika kwa upande wa kanga yake aliyojifunga, akampapasa kichwa, mgongo, mikono, miguu. Kisha akanitazama mimi. Nikasema, "Mkono umekufa." Nadhani nilisema hivyo. Akapiga magoti kwenye maji, akaushika mkono wa kushoto, akaufinya, akaona sishtuki. Akanitazama mdomo uliokuwa umepinda.

"Tangu lini?"

"Kerenge."

Uso wake ulibadilika polepole, akakaa chini kabisa kwenye yale maji na povu, mtoto kifuani, mkono wangu mapajani kwake. "Siku zote hizi," akasema. "Siku zote hizi unaniacha nikuseme? Nimekusema vibaya mtaa mzima, mama! Sasa nipite nyumba kwa nyumba kuyaokota?"

Zaidi alipofika alisimama mlangoni hajui aweke wapi mikono, maana mama mkwe hashikwi. Mama yake akamfokea kwa Kizigua. Ndipo Zaidi akanibeba hadi kwenye gari la jirani, ametazama pembeni njia nzima kwa heshima, na mimi nimefumba macho kwa heshima.

Hospitalini wamelitaja lile neno. Kiharusi. Kidogo, wamesema, cha kuonya, na shinikizo la damu liko juu sana. Tatu naye wamemkagua kila mahali. Hawakuona jeraha. Wamesema tumwangalie siku kadhaa: akitapika hovyo, akilala bila kuamka kunyonya, utosi ukivimba, arudishwe upesi.

Aprili 26

Wamenirudisha Misima, Joyceline hakutaka kusikia habari za Kerenge. Tatu amenyonya asubuhi. Amenyonya mchana. Utosi uko sawa.

Aprili 27

Amenyonya. Alicheua kidogo nikapiga yowe, Mwantumu akaja na jembe mkononi. Kumbe ni kucheua tu.

Aprili 28

Amenyonya. Joyceline alikaa kitandani kwangu, amemlaza mtoto katikati yetu. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema niliogopa. Akasema, "Mimi nilidhani wewe huogopi kitu." Tukalia wote wawili, kwa uchungu na bila adabu yoyote, mpaka mtoto naye akajiunga.

Mei 4

Amechangamka, ananenepa. Daktari wa kliniki amemtazama tena, amesema yuko salama. Ningependa kuandika kwamba hofu imekwisha. Haijaisha. Imehama kutoka kwake ikaja kwangu. Wamesema kiharusi kingine kinaweza kuja, na hawakusema lini.

Mei 9

Mwantumu ndiye anayeogesha sasa. Hatumii beseni. Anakaa chini, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto juu ya mifupa ya miguu yake na kummwagia maji kwa kata. Mimi nimeegemezwa ukutani napiga kelele, "Utosi! Mama Zaidi, utosi!" na yeye ananijibu, "Nimelea saba, mwalimu, pumzika." Leo, akimpaka mafuta, akaniambia bila kunitazama: "Alipozaliwa viganja vilikuwa vinaniwasha nivunje mila nimwogeshe mwenyewe. Nikasema hapana. Yule mama katoa binti yake wa pekee, tumpe mtoto amshike yeye kwanza, labda moyo utatulia. Ndiyo maana nilikasirika." Nimebaki na maneno hayo kutwa nzima. Kila alipokuwa anasimama mlangoni ananitazama nilidhani ananikagua, kumbe anangoja moyo wangu utulie.

Mei 14

Mvua zinakatika. Leo jua kutwa. Mkono unakunja vidole viwili.

Mei 18

Joyceline alikuwa ananipangusa tangu nirudi, lakini nywele zangu zilikuwa hazijaguswa maji tangu siku ya kuanguka, bado zilikuwa na sabuni ya mtoto, na zilianza kunuka. Niliona aibu kusema. Mwantumu hakungoja niseme. Amenitoa nje kwenye jua, akanilaza juu ya mkeka, akasogeza lile beseni la buluu chini ya kichwa changu.

Nilijikaza mwili mzima. Tangu siku ile nikilazwa chali naiona saruji inakuja. Shingo nikaishikilia juu, misuli inatetemeka, nikamwambia acha, nitajipangusa mwenyewe kesho. Akapitisha mkono wake chini ya kisogo changu, vidole vikapanda nyuma ya masikio. Mkono mgumu wa jembe. Akangoja.

"Legeza shingo," akasema. "Nimekushika."

Nikasema nina kichwa kizito.

"Najua. Legeza."

Nikalegeza. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi, na sikumwambia.